Mkono Uliozoea Shoti

Mashine ya kuchomelea iliyoundwa mtaani ni transfoma: kiini cha bati nyembamba za chuma zilizobanwa pamoja, na juu yake koili mbili za waya wa kopa au wa aluminiamu. Koili ya kwanza hupokea umeme wa ukutani, volti 230 nchini Tanzania na volti 240 nchini Kenya. Koili ya pili hutoa volti 50 hadi 80 tu, lakini kwa ampia nyingi, mara nyingi zaidi ya 100, zinazotosha kuyeyusha chuma. Hesabu yake ni ya mgao. Koili ya kwanza ikiwa na misokoto 230 na ya pili misokoto 60, volti 230 zinazoingia hutoka zikiwa 60. Fundi anayeijua hesabu hiyo, akapata bati za transfoma chakavu na kilo kadhaa za waya uliofumuliwa kwenye mota iliyoungua, anaweza kuunda mashine itakayolisha nyumba yake kwa miaka.

Mashine za namna hiyo ndizo zilizojenga sehemu kubwa ya miji ya Afrika Mashariki. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, matela na bodi za malori hutoka kwenye vibanda vya Gerezani jijini Dar es Salaam, Kamukunji jijini Nairobi na Katwe jijini Kampala. Ustadi huo unastahili heshima. Lakini mashine hizohizo, pamoja na magari yanayotengenezwa kando yake, huua na kulemaza mafundi kwa njia zinazojulikana na zinazojirudia. Msibani husemwa kwamba ajali haina kinga. Kwa ajali hizi maneno hayo si kweli: kinga ipo, na sehemu kubwa yake ni nafuu kuliko geti moja la chuma.

Kinachomuumiza mtu ni ampia zinazopita mwilini; volti ni nguvu inayozisukuma. Ampia moja ikigawanywa mara elfu, kila fungu ni miliampia moja, na hiyo moja ndiyo mtu anayoanza kuihisi kama mwasho. Katika miaka ya 1940 na 1950, mhandisi Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwapima watu waliojitolea ili ajue ni umeme kiasi gani mtu anaweza kuuachia akiwa ameushika. Kwa wanaume wastani ulikuwa takriban miliampia 16, kwa wanawake takriban 10.5. Ukizidi hapo, misuli inayokunja vidole huishinda ile inayovikunjua, na mkono hung'ang'ania waya hata mwenyewe akitaka kuuachia. Ukifika miliampia 50 na kuendelea, ukapita kifuani kwa sekunde moja au zaidi, moyo unaweza kuacha kupiga na kuanza kutetemeka bila mpangilio. Moyo unaotetemeka hausukumi damu.

Mwili nao una ukinzani wake. Mkono mkavu wenye ngozi ngumu unaweza kuwa na makumi ya maelfu ya omu. Mkono uliolowa jasho, ukigusa volti 230, hushuka hadi omu 1,000 au 2,000. Kwa omu 1,000, volti 230 hupitisha miliampia 230, yaani zaidi ya mara nne ya kiasi kinachoweza kuutikisa moyo. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa sakiti breka. Breka ya ampia 32 husubiri ampia zaidi ya 32 ndipo ikate, na mtu hufa kwa chini ya robo ya ampia moja. Breka hulinda waya usiungue. Hailindi mtu.

Hapo ndipo mazoea yanapodanganya. Fundi aliyepigwa shoti mara ishirini wakati wa kiangazi, akiwa amevaa viatu vyenye soli nene ya mpira, huamini kwamba mwili wake umeuzoea umeme. Hakuna mwili unaouzoea. Kilichomwokoa mara zote ishirini ni ngozi kavu yenye sugu, soli nzima na bahati ya kuugusa waya kwa muda mfupi. Mara ya ishirini na moja inakuja mvua imenyesha, yeye amevaa ndala, mkono mmoja umeshika rodi ya kuchomelea na mwingine umeegemea geti. Umeme ni uleule. Njia ndiyo imebadilika, na sasa inapita kifuani.

Mashine zenyewe hazilingani kwa hatari. Ile yenye koili mbili zilizotengana ndiyo bora, kwa sababu kati ya umeme wa ukutani na mkono wa fundi hakuna waya unaounganisha. Nguvu huvuka kwa sumaku tu. Udhaifu wake ni kizuizi kilichopo kati ya koili. Katika mashine nyingi za mtaani kizuizi hicho ni karatasi, kitambaa au vanishi iliyokwisha kuungua mara moja katika mota ulikotoka waya. Mashine ikifanya kazi kutwa bila kupumzishwa, joto hukila kizuizi polepole hadi koili ya kwanza iguse ya pili, au iguse kiini. Kuanzia hapo volti 230 ziko kwenye fremu au kwenye rodi, na mashine inaweza kuendelea kuchomelea vizuri tu bila dalili yoyote.

Aina ya pili huundwa na fundi anayebana kopa. Koili ni moja, na waya unaokwenda kwenye rodi hutolewa katikati yake. Volti kati ya rodi na chuma bado ni 60, kazi inatoka safi, na mashine huonekana sawa na ile ya kwanza. Tofauti ni kwamba ukuta uliomtenga fundi na umeme wa mtaa umeondolewa. Nyaya zikiunganishwa sawasawa, chuma kinachochomelewa hukaa upande wa nyutro. Zikigeuzwa, chuma chote hupanda hadi volti 230 dhidi ya ardhi, na rodi hubaki na 170. Kuzigeuza hakuhitaji uzembe mkubwa. Ni desturi katika vibanda vingi kulifungua tundu la ethi kwa kalamu, kisha kuchomeka nyaya mbili tupu na kuzibana kwa njiti za kiberiti. Asubuhi nyaya huchomekwa hivi, mchana zinarudishwa vile, na geti lililokuwa salama asubuhi linamuua atakayelishika mchana.

Aina ya tatu haina transfoma kabisa. Ndoo hujazwa maji ya chumvi, vipande viwili vya chuma huzamishwa ndani, na waya wa laivu hupitia maji hayo kwenda kwenye rodi. Maji hupunguza ampia wakati cheche inawaka, na watu huhitimisha kwamba yamepunguza umeme. Lakini maji hula volti pale tu ampia nyingi zinapopita ndani yake. Rodi isipogusa kitu hakuna kinachopita, hivyo volti zote 230 husubiri kwenye ncha. Mwili wa mtu unapochukua nafasi ya chuma, huvuta ampia chache mno kiasi kwamba maji hayapunguzi chochote cha maana. Chombo hiki hakirekebishiki. Kinafaa kuvunjwa.

Hata mashine bora huwa na saa yake ya hatari, na saa hiyo si ile ya cheche. Cheche inapowaka, volti kati ya rodi na chuma hushuka hadi 20 au 30. Inapozimika hupanda tena hadi 60, 70 au 80. Kwa hiyo shoti nyingi humpata fundi wakati wa kubadilisha rodi, anapoichomeka kwenye holda kwa mkono mtupu uliolowa jasho huku goti au kiwiko kimeegemea kazi. Kwa ukinzani wa omu 1,500, volti 70 hupitisha karibu miliampia 47, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha kuung'ang'aniza mkono. Aliyelala chini ya chasisi ya lori, au aliyejikunja ndani ya tangi la maji, hana pa kurukia. Chuma kimemzunguka, na joto la Dar es Salaam au Mombasa limemlowesha nguo. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha mashine hizi huweka kikomo cha volti 48 kwa mashine za mkondo geu zinapotumika mahali pa namna hiyo. Mashine za mtaani kwa kawaida huvuka kikomo hicho.

Neno moja la kazini limechangia vifo kimyakimya. Mafundi huita "ethi" kile kibano kinachofungwa kwenye chuma ili kuurudisha umeme kwenye mashine. Jina hilo humfanya mwanagenzi aamini kwamba mashine ina ethi, kwa hiyo ina kinga. Waya wa kurudisha umeme ni sehemu ya njia ya kuchomelea tu. Ethi ya kinga ni waya mwingine, wa tatu, unaotoka kwenye fremu ya mashine kwenda kwenye fimbo ya kopa iliyozikwa ardhini, ili kizuizi kikiharibika umeme upate njia nyingine badala ya mwili wa mtu. Kwenye mashine nyingi waya huo wa tatu haupo, na hautafutwi, kwa sababu jina lake limekwisha kupewa kitu kingine. Inafaa kibano hicho kiitwe "waya wa kurudi" tangu siku ya kwanza ya mafunzo.

Gari lina hatari za namna yake, na ya kwanza ni betri, ambayo haimpigi mtu shoti. Volti 12 haziwezi kusukuma umeme wa kutisha katika ngozi kavu, na kwa sababu hiyo fundi huidharau. Lakini ukinzani wa ndani ya betri ni mdogo sana, na spana ikigusa nguzo zake zote mbili hupitisha mamia ya ampia kwa mara moja. Spana huwa nyekundu, na pete ya ndoa ikiwa kati ya spana na bodi huunguza kidole hadi mfupani. Betri inayochajiwa pia hutoa gesi ya haidrojeni, inayolipuka ikichanganyika na hewa kuanzia asilimia 4, na mlipuko hurusha asidi usoni. Utaratibu wa kujikinga ni mfupi: pete na saa huvuliwa, waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, na wakati wa kuliwasha gari kwa betri ya gari jingine, waya wa mwisho hubanwa kwenye chuma cha injini, mbali na betri.

Mfumo wa plagi ni jambo tofauti. Koili ya kuwashia huzipandisha volti 12 hadi 15,000 na hata zaidi ya 30,000, na pikipiki nyingi za bodaboda zina kisanduku cha CDI ambacho kapasita yake hujazwa volti 200 hadi 400 kabla ya kumwaga nguvu hiyo kwenye koili. Nguvu iliyomo katika cheche moja ni ndogo na ni nadra imuue mtu mwenye afya. Madhara hutoka kwenye mrusho wa mkono. Fundi anayepima cheche kwa kushika plagi na kuigusisha kwenye injini hupigwa, mkono hurudi nyuma bila kuamriwa, na huko nyuma kuna feni au mkanda unaozunguka. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo hapaswi kabisa kuisogelea kazi hii. Taa za zenoni nazo huwashwa kwa zaidi ya volti 20,000, na injini za kisasa za dizeli zenye nozeli zinazoendeshwa kwa umeme huzilisha volti kuanzia 65 hivi hadi zaidi ya 100. Gari si volti 12 tena.

Badiliko kubwa zaidi limeletwa na magari ya haibridi yanayoingia kwa wingi kutoka Japani yakiwa yametumika. Betri kubwa ya Toyota Prius ya toleo la pili na la tatu ina volti 201.6, na inveta yake huzipandisha hadi 500 katika toleo la pili na 650 katika la tatu. Ile ya Toyota Aqua ina volti 144, zinazopandishwa hadi 520. Huu ni mkondo nyoofu, na cheche yake ikishawaka haizimiki kirahisi. Nyaya zake zina rangi ya chungwa ili zitambulike, lakini rangi haimfundishi mtu la kufanya. Ufunguo unapaswa kuwekwa mbali na gari, plagi ya kutenganisha betri kubwa ichomolewe kwa glavu za mpira zilizothibitishwa kwa volti 1,000, na fundi asubiri dakika 10 ili kapasita za inveta zimalize nguvu zake, kisha apime kwa mita kabla ya kugusa. Fundi aliyefungua injini za magari ya kawaida kwa miaka thelathini hana sababu ya kuyajua haya kwa uzoefu wake. Lazima afundishwe. Pikipiki na mabasi ya umeme yanayoongezeka Kigali na Nairobi yanaufanya ufundishaji huo uwe jambo la haraka.

Kazi hizi mbili, gari na kuchomelea, zinapokutana, hatari huongezeka. Lori limesimama juu ya matairi ya mpira, kwa hiyo bodi yake imetengwa na ardhi. Waya wa kurudi ukilegea huku rodi imegusa bodi, lori zima hupanda hadi volti za mashine, na msaidizi aliyesimama kwenye matope huku ameshika mlango anaweza kuwa njia ya kurudi. Mafundi wawili wakichomelea lori moja kwa mashine mbili, volti kati ya rodi zao zinaweza kujumlishana na kufika 140 au 160; hawapaswi kukaa mahali ambapo mmoja anaweza kugusa holda ya mwenzake. Waya wa kurudi ubanwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa, na betri ya gari ifunguliwe kabla ya kazi. Umeme unaoachwa utafute njia yake hupitia beringi, alteneta na kompyuta ya gari.

Mtu akinaswa, dakika chache za mwanzo ndizo zinazoamua. Umeme ukatwe kwenye swichi kuu kwanza. Anayemshika mwenzake kabla ya hapo huongeza majeruhi wa pili. Swichi isipofikika, kwa umeme wa nyumbani majeruhi aweza kusukumwa kwa ubao mkavu, na anayesukuma awe amesimama juu ya kitu kikavu. Kama hapumui kawaida na haitiki, kifua kikandamizwe katikati kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama, hadi msaada ufike. Njia hii inawahusu mafundi umeme kwa historia yake. Ilielezwa mwaka 1960 na William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker wa Johns Hopkins huko Marekani, na Kouwenhoven alikuwa mhandisi wa umeme aliyeanza kuuchunguza moyo kwa sababu ya vifo vya mafundi wa nyaya. Aliyezinduka naye apelekwe hospitali. Jeraha la nje huweza kuwa dogo kama punje wakati misuli ya ndani imeungua, na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi ni dalili kwamba misuli iliyokufa inaelekea kuziharibu figo.

Kinga zenyewe ni chache. Ya kwanza ni koili mbili zilizotengana, zenye kizuizi kipya, na fremu iliyofungwa waya wa ethi ya kweli. Ya pili ni swichi inayouzwa kwa jina la RCD, ambayo Dalziel huyohuyo aliyepima uwezo wa mkono kuachia ni mmoja wa waliochangia kuibuni. Kifaa chake cha kukata umeme unaovuja kilitokea mwaka 1961. Swichi hii hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampia 30 hukata kabla moyo haujavurugika. Hailindi dhidi ya volti za koili ya pili, kwa sababu umeme huo haurudi kupitia kwake. Kwa hiyo ya tatu ni glavu kavu za ngozi, viatu vyenye soli nzima, ubao mkavu wa kukalia, na holda isiyopasuka. Ya nne ni mtu wa pili karibu, anayejua swichi iko wapi.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya mwaka 2007, na zote humpa mwajiri wajibu. Lakini kibanda chenye fundi mmoja na wanagenzi wawili chini ya mwembe si mahali mkaguzi anapofika kwa urahisi, na akifika kwa ajili ya kunyang'anya mashine, mashine itafichwa na kurudi usiku. Njia yenye matunda ni kuzipima. Kifaa cha kupima kizuizi kwa volti 500 huonyesha kwa dakika chache kama koili zimegusana. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, na mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, nchini Tanzania, na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, nchini Kenya, zinaweza kuzunguka vibandani na sokoni kupima mashine kwa ada ndogo, kubandika alama kwa iliyofaulu na kumwonyesha mwenye iliyoshindwa namna ya kuisokota upya. VETA tayari hutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mtihani wa utambuzi huo uwe na swali la ethi, la RCD na la kukandamiza kifua, na asiyeweza kujibu asipewe cheti mpaka ajue.

Mwanagenzi hujifunza kwa kumtazama fundi wake. Akimwona anacheka baada ya kupigwa shoti, ataona kucheka ndiyo ufundi. Akimwona anazima mashine, anakausha mikono na kuutafuta waya ulioharibika kabla ya kuendelea, atafanya hivyo maisha yake yote, na atamfundisha anayemfuata.